Wageni Wangu Walikuja Wamefunga

Mliokuwa nami wiki iliyopita mnajua nilivyojitia kitanzi kwa kuitikia kwa kichwa. Ambaye hakuwepo nitamsimulia kwa ufupi, maana jambo lenyewe ni la aibu na sipendi kulirudia.

Naitwa Shevanti. Niliolewa hapa Solapur miezi saba iliyopita, nikapata kazi kwenye karakana ya taulo, kupinda ncha kwa cherehani. Siku ya kwanza, saa ya chakula, nilifungua mkebe wangu. Ndani mlikuwa na biringani ndogo zilizojazwa karanga za kutwanga. Mangal, anayekaa cherehani ya jirani, alichovya kipande cha mkate wake wa mtama bila hata kuomba. Akafumba macho. Akauliza, "Umepika wewe?"

Mimi ni mtu wa haya. Basi nikaitikia kwa kichwa.

Aliyepika alikuwa mama mkwe wangu.

Tangu siku hiyo nimekula sifa za mkono wa mtu mwingine. Na kwa sifa hizo nimepata mashoga wawili, mimi ambaye kijijini nilizungumza zaidi na nyati wetu kuliko na wasichana wenzangu. Wa kwanza ni huyo Mangal, mdomo wake haujui kupumzika. Wa pili ni dada Draupada, mkubwa wetu pale karakana, ambaye akisema jambo hata msimamizi husikiliza.

Wiki iliyopita wakasema wamechoka kula vya mkebe, vimepoa. Wanataka kuja kwangu, wale vikiwa vya moto. Lini? Nikasema Jumatano, kwa sababu ndiyo siku ya kwanza iliyokuja mdomoni.

Mangal akasema, "Jumatano. Umefikiri vizuri sana wewe." Sikuelewa anasifu nini. Nikaitikia kwa kichwa.

Sikuwa na hofu kubwa. Mama mkwe alikuwa amekwenda Barshi kumwona binti yake, na angerudi Jumatano hiyo hiyo asubuhi. Yeye apike, mimi nipakue, na dunia iendelee.

Basi alirudi. Akanawa miguu, akawasha taa mbele ya picha ya mungu wetu Vithoba, akakaa kwenye kibao chake jikoni na kikombe cha chai. Nikamchuchumalia mbele na kumweleza yote, tangu biringani za siku ya kwanza. Nilisema nikitazama sakafu.

Nilitegemea atakasirika. Alicheka mpaka chai ikammwagikia kwenye sari.

"Kumbe miezi saba hii nimekuwa nikiitwa Shevanti," akasema. "Na hakuna aliyeniambia."

Nikamwambia wageni wanakuja saa kumi na mbili jioni. Nikamwomba aanze na dengu.

"Mimi? Aliyekula sifa ndiye ashike mwiko."

Nilidhani anatania. Nikangoja. Akavuta sinia la mchele, akaanza kuchagua mawe polepole, kama mtu asiye na mahali pa kwenda. Ndipo nilipojua kwamba leo ni mimi na jiko.

Tusidanganyane. Nilikuwa najua kupika chai na wali. Nyumbani kwetu aliyepika ni dada yangu mkubwa. Lakini nilikuwa nimemwona mama mkwe akipika kila siku kwa miezi saba, nikijifanya naosha vyombo. Macho yangu yalikuwa yanajua, mikono ndiyo ilikuwa bado.

Nikaamua kupika puran poli, chapati nyembamba zinazojazwa dengu na sukari guru, kwa kuwa hakuna mgeni anayezikataa. Pamoja nazo wali, mchuzi wa dengu, bhajia za vitunguu, na zile biringani zilizoniponza.

Poli ya kwanza ilipasuka mkononi. Ya pili ikapasukia kwenye kikaango, sukari ikaungua, jikoni pakafuka moshi.

Mama mkwe akasema, "Zipeleke karakana. Mkazipinde ncha."

Ya tano ilishika. Ya tisa ilikuwa karibu na duara. Nilimkatia kipande aonje, akakataa, akasema hana njaa. Nikamletea wali, akakataa. Tangu asubuhi alikuwa amekunywa chai na kula ndizi mbili tu. Nikasema moyoni, hata kuonja hataki, chakula changu kinamtia kinyaa. Nilisikia uchungu, lakini sikuwa na nafasi ya kulia. Biringani zilikuwa zinashika chini.

Saa kumi na mbili wakafika. Dada Draupada alivaa sari ya kijani, ile ya kutokea. Mangal alibeba chane ya ndizi. Wakamsalimia mama kwa kugusa miguu yake. Wakakaa sakafuni na kuvuta pumzi za harufu, na Mangal akasema hata mlangoni mtu angeshiba.

Nikawapakulia kwenye sahani za chuma. Chumvi na achari upande wa kushoto, biringani upande wa kulia, poli katikati na samli juu yake. Nikarudi nyuma nikangoja.

Hakuna aliyegusa.

Mangal alimtazama dada Draupada. Dada Draupada aliitazama sahani kama mtu aliyepakatishwa mtoto wa watu naye hajui ampe nani. Kisha akaisogeza mbele, kidogo tu, kwa ncha za vidole.

"Shevanti," akasema, "leo ni ekadashi."

"Ilikuwa jana," nikamjibu. "Nilifunga."

Na kweli nilifunga. Ekadashi huja mara mbili kwa mwezi, nayo ni siku ya Vithoba. Mfungo wetu si wa kushinda na njaa, ila nafaka haziliwi, wala dengu, vitunguu, biringani. Kwa kifupi, kila kilichokuwa kwenye zile sahani.

Mangal akainuka, akaenda kwenye kalenda ya ukutani, akaweka kidole kwenye Jumanne. Akasoma. Akakisogeza kwenye Jumatano, akasoma tena, polepole.

Kumbe mara hii ekadashi ilikuwa na siku mbili, zikifuatana. Hutokea. Ya kwanza ni ya watu wengine, ya pili ndiyo ya watu wa Vithoba, na imeandikwa kwenye kalenda kwa herufi ndogo chini ya tarehe. Mimi shule niliiacha darasa la nne. Neno la kwanza nikishalipata huwa linanitosha, sihangaiki kutafuta la pili. Juzi niliona neno kwenye Jumanne, nikafunga Jumanne, na mama hakuwepo wa kunirekebisha.

"Ndiyo maana nilikusifu," Mangal akasema. "Nilimwambia dada, huyu binti ana akili, ametuchagulia siku ya mfungo ili atuoneshe anavyopika vya mfungo. Kumbe umetuchagulia dhambi."

Na hakukasirika. Alikuwa anacheka huku ameshika ukuta.

Nikageuka kumtazama mama. Zile ndizi mbili. Ile chai. Alikuwa amefunga tangu asubuhi, ameketi pale akinitazama nikikaanga vitunguu.

"Mama, ulijua," nikasema.

"Uliniambia umesema unajua kupika," akajibu. "Kalenda hukuitaja."

Nitaungama jambo hapa. Uso wangu ulikuwa umeinama, wageni wakadhani nalia. Moyoni nilikuwa nacheza ngoma. Hawataonja. Poli zangu ngumu, biringani zilizoshika chini, hakuna atakayejua. Watakula ndizi zao, watakunywa maziwa, watanionea huruma, na kesho mkebe utafunguliwa kama kawaida. Mungu ana njia zake.

Nikaanza kuondoa sahani upesi kabla Mungu hajabadili mawazo.

"Sabudana ipo," mama akasema.

Nikasimama na sahani mikononi.

Akanyoosha mkono chini ya mitungi ya maji, akatoa bakuli lililofunikwa. Akafunua. Punje nyeupe za sabudana, zile zinazotokana na muhogo, zilizolowekwa tangu asubuhi zikavimba vizuri. Lilikuwa bakuli la watu wanne. Mtu mmoja hali sabudana ya kiasi kile hata awe amefunga wiki nzima.

"Shevanti ataipika sasa hivi," mama akawaambia. "Nyinyi kaeni mtazame. Mnasema anapika vizuri, na mimi nataka kuona."

Sabudana mnaijua au hamuijui, sikilizeni. Dengu zina huruma, ukizikosea unaongeza maji. Sabudana haina huruma. Ukiitoa mapema ni kokoto. Ukichelewa kidogo ni gundi, utabandika nayo mabango. Na jikoni kwetu ndiyo sebule yetu, hakuna mlango wa kufunga.

Nikaweka karai, nikatia samli, nikatia bizari nyembamba. Macho sita yalikuwa mgongoni. Mkono ukaenda wenyewe kwenye kopo la manjano, kama unavyokwenda kila siku.

Mama akakohoa. Kisha akaanza kuwasimulia wageni hadithi.

"Nilipoolewa," akasema, "nilikuwa mjinga mmoja wa kutisha. Ekadashi ya kwanza nikatia manjano kwenye sabudana. Manjano, siku ya mfungo. Mama mkwe wangu akaimwagia ng'ombe."

Nikarudisha kopo.

"Ekadashi ya pili, moto ulikuwa mkali kama wa kuchomea matofali. Ikaungua chini, juu mbichi."

Nikapunguza moto.

"Ya tatu, nikatia viazi na sabudana kwa wakati mmoja. Viazi vikabaki mawe. Hivi, viazi si vinatangulia?"

Dada Draupada akasema vinatangulia. Mangal akasema mama yake naye alianza hivyo hivyo. Mimi nilikuwa tayari nakata viazi na pilipili mbichi, vidogo vidogo, nikavitumbukiza. Nikasubiri vilainike. Nikachanganya sabudana na karanga za kutwanga, chumvi, sukari kidogo, nikaimimina.

Hadithi ya mama ikaendelea. Ekadashi ya nne aliikoroga mno. Ya tano aliifunika akaenda kisimani kuteta. Ya sita aliifunika kwa muda wa kusema jina la Vithoba mara kumi na moja, akafunua, na siku hiyo baba mkwe wake aliomba aongezwe.

Nikafunika. Midomo yangu ilikuwa inahesabu. Sijawahi kumwomba Mungu kwa bidii namna ile, hata hekaluni.

Nilikuwa nimefika mara ya nane mume wangu alipoingia. Jina lake silitaji, ndivyo tulivyolelewa. Yeye hafungi ekadashi ya kwanza wala ya pili. Alipoziona sahani zilizokataliwa aliketi pale pale mlangoni, akajivutia mbili, akamega poli. Akatafuna. Akatafuna tena.

"Hii nani kapika leo?" akauliza. "Imekuwa soli ya kiatu."

Mangal aligeuka kama paka aliyesikia panya. "Nani kapika? Kwani siku zote hupika nani, shemeji?"

Nilifunua karai kwa sababu sikujua nifanye nini kingine.

"Huyo," mama akasema bila kuinua macho, "tangu utotoni ukimpa poli atasema soli, ukimpa soli atasema poli. Kula, wewe. Usiwasumbue wageni."

Mume wangu akatutazama mmoja mmoja. Si mjinga sana. Akainamisha kichwa, akala soli nne.

Ndani ya karai, punje zilikuwa zimegeuka. Hazikuwa nyeupe tena, zilikuwa zinaangaza kama shanga za kioo, kila moja peke yake. Nilizitazama kama mtu anayetazama pesa alizookota barabarani. Nikanyunyiza majani ya giligilani, nikakamulia ndimu, nikapakua.

Wakala. Mama naye akala.

Mangal alinyamaza kimya mpaka sahani ikaisha, na hiyo peke yake ni habari. Dada Draupada alimaliza, akanawa, akajifuta kwa ncha ya sari. Kisha akaketi vizuri, kama anavyoketi anapotaka kuzungumza na msimamizi.

Akasema hawakuja kula tu. Tajiri wetu anafungua jiko pale karakana, chakula cha mchana kwa wanawake sitini. Mke wake anatafuta mpishi, na mshahara ni mara mbili ya kupinda taulo. Dada Draupada alikuwa ameshampa jina langu. Lakini yeye si mtu wa kusema jambo asiloliona kwa macho yake, ndiyo maana alitaka kuniona nikiwa mbele ya moto.

"Sasa nimeona," akasema. "Jumatatu unaanza. Nimekudhamini mimi, kwa jina langu. Usiniangushe."

Wanawake sitini. Mimi niliyepika sabudana moja maishani mwangu, tena nikiwa naongozwa kama kipofu sokoni.

Walikuwa wananitazama wote, wakingoja niitikie kwa kichwa. Ingekuwa rahisi. Shingo yenyewe ilishaanza kuinama.

Lakini nililiona jina la dada Draupada. Alilijenga miaka ishirini na mbili pale karakana, na mimi ningelivunja siku moja, saa ya chakula cha mchana, mbele ya watu sitini wenye njaa.

Nikafungua mdomo. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka.

"Si mimi," nikasema. "Mikebe yote alipika mama. Tangu siku ya kwanza. Hata biringani. Mimi niliitikia tu."

Nadhani ndiyo sentensi ndefu kuliko zote walizowahi kusikia kutoka kwangu. Nikangoja dari ianguke.

Mangal akapiga makofi ya kucheka. "Mwone anavyojificha. Shoga, tumekaa hapa tukikutazama. Mama hakugusa hata kijiko."

"Ni kweli ninayosema," nikasisitiza. "Nawaapia."

Hapo dada Draupada akaacha kutabasamu. Yeye anajua taulo yenye kasoro hata ikiwa katikati ya mia, na naona alianza kuona uzi uliokatika. Akamgeukia mama.

"Mama, huyu haniambii uongo bila sababu. Wewe ni mtu mzima, na umefunga. Ile mikebe ilikuwa ya mkono wa nani?"

Mama mkwe wangu anavaa shingoni shanga za tulsi, mti wetu mtakatifu. Anayezivaa ameahidi mbele ya Vithoba kutokula nyama, kutogusa pombe, na kutosema uongo. Kwa miaka thelathini hajavunja hata moja. Muuza maziwa akizidisha kipimo kwa bahati mbaya, mama humwita arudi.

Nilishusha pumzi. Basi yamekwisha, nikajisemea. Nitapoteza mashoga, lakini jina la dada Draupada litabaki zima.

Mama akazishika zile shanga kwa vidole viwili.

"Ya mkono wake," akasema. "Mimi tangu huyu aolewe sijashika mwiko."

Mume wangu alipaliwa na wali.

"Ana haya tu," mama akaendelea, sauti tulivu kabisa. "Kwao wamemlea hivyo, akisifiwa hukana. Jumatatu atakuja."

Dada Draupada akapumua, akacheka, akaniambia kukana kwangu kumekaribia kumtia kichaa. Akainuka. Akasema atanipitia Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi. Mangal akanibusu shavuni, akaniachia ndizi zote, wakatoka wakizungumza njia nzima, nikawasikia mpaka kona ya duka la mafuta.

Nilibaki nimesimama na mwiko mkononi. Mume wangu alikuwa anamtazama mama yake kama mtu asiyemjua.

"Mama," nikasema, "umeapa uongo. Siku ya ekadashi. Kwa ajili gani?"

Alizivua shanga shingoni, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya hata akioga, akaziweka mbele ya picha ya Vithoba, akazifunika kwa ua.

Kisha akasema, bila kugeuka, "Funga mlango kwanza, Shevanti. Na wewe, mwanangu, acha kula. Hili linakuhusu."